Prestige Ni Kiini Macho

Jamani, tuache kutafsiri "prestige" kuwa "heshima". Tunalitukana neno letu.

Juzi nimelikuta tena kosa hili kwenye bango la viwanja, barabara ya kwenda Njiro. Juu wameandika kwa Kiingereza "prestigious", chini "makazi ya heshima", na Mlima Meru umewekwa nyuma kama pambo.

Tuanze na asili. Babu wa neno hili ni Kilatini, praestigiae: mazingaombwe, michezo ya kupumbaza watu, na ukoo wake unagusa kitenzi cha kufunga macho. Wafaransa wakalichukua. Waingereza walipolipokea, karne ya 17, bado lilimaanisha hila na udanganyifu. Karne ya 19 ndipo likavaa suti, likaitwa sifa. Sisi neno lake tulikuwa nalo zamani: kiini macho.

Heshima ina ukoo mwingine kabisa. Imetoka kwenye hishma ya Kiarabu, yenye haya na staha ndani yake. Ndiyo maana tunasema mtu kajiheshimu: kajizuia, hata pasipo wa kumwona. Prestige bila watazamaji inakufa njaa.

Mtaniambia maneno hubadilika. Sawa, Kiingereza kimesahau kilikotoka. Lakini sisi tunaoazima neno, ni lazima tuazime na usahaulifu wake?

Tena tunasahau tukiwa Arusha! Hapa hapa, Januari 1967, TANU ilipitisha Azimio lililomkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni yoyote, kupokea mishahara miwili na kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM ikayalegeza masharti hayo. Ukitaka kulipinga Azimio kwa hoja za uchumi, pinga. Foleni za sukari hata mimi sizitamani. Ila lilielewa jambo moja ambalo bango la Njiro halielewi: heshima ya mtu hupimwa kwa anachojinyima.

Kwa hiyo, wafasiri wenzangu, mkikutana na "prestige", andikeni "fahari". Andikeni "ukubwa". Mkiwa na ujasiri, andikeni "kujionyesha". Maneno yapo tele.

Mwenye viwanja auze viwanja vyake, namtakia biashara njema. Heshima haimo kwenye hati.