Motokaa Kuukuu Haifi kwa Uzee

Watu wengi hufikiri ya kuwa motokaa iliyokwisha kwenda kilomita 300,000 haina faida tena, ila kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Fikira hiyo si ya kweli. Peugeot 504 ilianza kutolewa huko Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Viwanda vimekwisha acha kuitengeneza, walakini hata leo huonekana katika mashamba ya Kenya ikichukua kabeji na maziwa. Nyingine za umri ule ule zimelala nyuma ya nyumba, na kuku hutaga ndani yake. Tofauti iliyopo ni utunzaji.

Adui mkubwa wa injini hiyo ni joto. Kichwa chake ni cha alumini, na alumini ikipata joto kupita kiasi hupinda; ndipo gasketi huungua na maji huingia katika silinda. Mkulima aendaye sokoni alfajiri huona mpira wa rejeta ukidondosha matone machache, akasema, "Nitautengeneza wiki ijayo." Mpira hupasuka mlimani. Maziwa ya siku hiyo huharibika, na fedha za mavuno huishia kwa fundi, kwa ajili ya mpira wa bei ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo yampasa mwenye motokaa kuikagua kila asubuhi, injini ingali baridi. Na atazame maji, oili, ukanda wa feni, na ardhi iliyo chini ya gari kama ina matone. Rejeta isijazwe maji ya mtoni yenye matope, bali maji safi yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu. Oili na chujio lake vibadilishwe kila baada ya kilomita 5,000, na mapema zaidi penye vumbi jingi. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila miaka 2, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa. Kipimo cha joto kikipanda njiani, dereva asimame mara moja, wala asifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa.

Jambo la mwisho ni daftari. Karani atunzaye hesabu za ofisi hashindwi kuandika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na gharama yake. Daftari humwonyesha kama injini imeanza kula oili kuliko zamani, naye humwita fundi mapema. Tena humjulisha siku ambayo motokaa inakula fedha nyingi kuliko inazoleta. Siku hiyo na aiuze bila ya kuona haya. Lakini asiihukumu kwa umri wake kabla ya kuisoma hesabu.