Mfuatano Usioahidiwa Usitegemewe

Bwana Mhariri,

Muhula huu niliandika programu ya zamu za kufagia kwa lugha ya Python, nikayatia majina katika seti. Kila asubuhi yalitoka kwa mfuatano mwingine. Nikamshitaki mwenzangu kwamba aichezea programu ili akwepe zamu. Kumbe hana kosa! Seti haiahidi mfuatano wowote. Na tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, namba ya siri ichanganywayo na maneno hubadilika kila programu ianzapo. Kamusi ndizo zilizopewa ahadi ya kufuata mfuatano wa kuingizwa, katika Python 3.7 ya mwaka 2018.

Wako wasemao kwamba lugha yapasa ipange kila kitu. Mimi sikubali. Lugha ya Go huvuruga mfuatano wa ramani zake kwa makusudi, ili mtu asizoee bahati. Naona ni vyema. Atakaye mfuatano na atumie orodha, au ayapange majina mwenyewe.

Mwenzangu nimekwisha mwomba radhi. Wanafunzi wenzangu, kabla ya kumlaumu mtu, someni kwanza ahadi ya chombo mkitumiacho.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu