Mtoto Anayemeza Dawa Hajafeli

Mwaka uliopita nilikwenda Embu kuwakagua wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao alinisimulia, bila kutaja jina, kisa kilichomkosesha usingizi. Msichana wa kidato cha pili, aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, alirejea shuleni kutoka kliniki akilia. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwa maneno matatu: "Mwalimu, nimefeli dawa."

Kwa mtu wa taaluma ya lugha, sentensi hiyo ni nzito. Kitenzi "kufeli" kiliingia katika Kiswahili kwa mlango wa shule, nacho hubeba aibu ya mtihani: anayefeli huhesabiwa mvivu au mjinga. Sasa kitenzi hicho kimehamia kliniki, na mtoto ndiye aliyefanywa kiima chake.

Yafaa ieleweke jinsi matibabu yanavyoshindwa. Dawa za kupunguza makali haziviondoi virusi mwilini, huvizuia kuzaana. Ili zifanye kazi hiyo, sharti ziwemo katika damu kila siku. Mtoto akikosa kumeza mara kwa mara, kiasi cha dawa hupungua, virusi huzaana, na baadhi yavyo hubadilika hata dawa isiviweze tena. Huo ndio usugu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kipimo kikionyesha zaidi ya nakala 1000 za virusi katika mililita moja ya damu, kwa kawaida dawa haibadilishwi papo hapo. Mtoto na mlezi wake hupewa ushauri kwanza, kisha damu hupimwa tena baada ya miezi mitatu hivi. Kiwango kikibaki juu, ndipo daraja la pili la dawa hufikiriwa.

Tahadhari hiyo ina sababu, kwani dawa zinazowafaa watoto ni chache kuliko za watu wazima. Kwa miaka mingi wadogo walinyweshwa dawa ya maji ya lopinavir, chungu kama shubiri. Mnamo 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea tembe ya watoto ya dolutegravir, ya miligramu 10, inayoyeyushwa katika maji. Virusi haviizoei dawa hii upesi. Kwa hiyo mtoto anayeitumia akikutwa na virusi vingi, yatupasa tuulize kwanza ni nini kinachomzuia kuimeza, kabla ya kuuliza apewe ipi nyingine.

Jibu, kwa mwanafunzi, aghalabu limo bwenini. Meru na Embu zina shule nyingi za bweni. Humo mwanafunzi hulala kati ya vitanda makumi, hana sanduku lisilopekuliwa, wala dakika moja ya faragha. Tembe zikigonga chupa, jirani wa kitanda husikia. Siku ya kliniki ikifika, hana budi kuomba ruhusa na kueleza sababu huku wenzake wakisikiliza. Akilazimishwa kuchagua kati ya dawa na heshima yake, nani atamlaumu akichagua heshima? Ukimbadilishia dawa kisha ukamrejesha katika bweni lile lile, umebadilisha rangi ya tembe tu.

Wapo watakaosema: mficha maradhi kifo humuumbua, basi wanafunzi hawa wajulikane ili wasaidiwe. Jambo hilo limewahi kujaribiwa. Mnamo Februari 2015 serikali iliagiza ikusanywe orodha ya wanafunzi wanaoishi na virusi. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Kiswahili nacho kinatufunza kupambanua: kuficha ni jambo moja, kufichua ni la pili, na kusitiri ni la tatu. Methali inamwonya anayemficha daktari. Haimpi yeyote ruhusa ya kumwanika mtoto wa mwenziwe.

Kusitiri hakuhitaji fedha nyingi. Kila shule ya bweni na iteue mtu mmoja mwaminifu, awe matroni, muuguzi au mwalimu wa ushauri nasaha, atakayetunza dawa za wanafunzi wote wanaotaka kumwachia: za pumu, za kifafa, za kisukari na hizi pia. Anayebisha mlango wake saa mbili usiku hatajulikana anameza nini. Ruhusa ya kwenda hospitali itolewe faraghani, na sababu isiandikwe katika daftari linalosomwa na kila mtu. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu akimeza tembe, mwacheni ameze kwa amani.

Mwanafunzi wangu aliniuliza amjibu nini yule msichana. Nilimwambia mambo mawili: amweleze kwamba hajafeli, kisha amtafutie mahali pa kumezea dawa. La pili ni gumu zaidi, nalo ndilo lenye tiba.