Springi za Tamaa

Wapo wenye magari ya kubeba wanafunzi ambao, Toyota HiAce ikizeeka na kuanza kurusha abiria, hukimbilia kwa fundi kuongezewa kipande cha springi nyuma. Huo si ukarabati hata kidogo. Ni ulanguzi uliovaa vazi la ufundi. Springi za nyuma za gari hilo ni vipande vya chuma vilivyopangwa juu kwa juu. Kila kinachoongezwa huzidisha ugumu, na gari likiwa na mzigo mdogo hudunda kama mpira. Shabaha yao yafahamika: kupakia watoto wawili penye kiti cha mmoja.

Dawa halisi ni nyingine. Shokapu iliyovuja mafuta haiwezi tena kutuliza mtikisiko wa springi. Sharti ibadilishwe pamoja na ile ya upande wa pili. Bushi za mpira zilizolika nazo zing'olewe. Upepo wa matairi ujazwe kwa kipimo cha kiwanda, si kwa kulipiga tairi teke, desturi ambayo, ajabu, ingali hai. Lakini matengenezo hayo hayaongezi nauli hata moja, ndiyo maana hayawapendezi.

Mwalimu mkuu anayewapokea watoto hao asubuhi, na mkaguzi anayebandika stika kiooni, hawana budi kuinama na kuchungulia chini ya gari kabla ya kuisifu rangi yake.