Tapeti Isiyopiga Kelele

Wenye magari ya zamani huko Iyunga, kama wenzao wengi nchini, wameshika imani moja isiyo na msingi, kwamba injini iliyo kimya ndiyo iliyo nzima. Tapeti zikigonga, gari hupelekwa kwa fundi, naye hukaza skrubu mpaka mlio ukome. Mwenye gari hurudi nyumbani ameridhika, kumbe valvu zimeanza kuungua.

Nafasi ndogo iliyopo kati ya roka na shina la valvu haikuachwa kwa uzembe. Chuma hurefuka kipatapo joto: kipande cha milimita 100 kikiongezewa nyuzi 100 za sentigredi hurefuka kwa kiasi cha milimita 0.12. Pasipo nafasi ya kutosha, valvu hubaki wazi kidogo hata wakati ipasapo kufunga. Valvu ya moshi ndiyo iumiayo zaidi, maana sehemu kubwa ya joto lake huitoa inapokalia kiti chake. Isipokaa sawasawa haipoi. Ukingo wake huliwa na moto, na mgandamizo wa silinda hupotea. Tapeti iliyolegea hulalamika. Iliyokazwa mno huharibu bila kusema neno.

Mbeya ina sababu ya ziada ya kujihadhari. Mji huo uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu moja ya tano. Injini iliyokwisha kunyimwa hewa kiasi hicho haina mgandamizo wa kupoteza tena, hasa ikiwa na mzigo wa viazi mlimani. Isitoshe, petroli yenye risasi iliondolewa katika Afrika kusini mwa Sahara ifikapo mwanzo wa 2006, na injini nyingi za kale zikakosa kinga ya viti vya valvu. Viti hivyo hudidimia kidogo kidogo, na nafasi hujifunga yenyewe, kimyakimya.

Hapa sikio halifai. Kinachotakiwa ni fila. Land Rover ya zamani ya petroli, ya lita 2.25, hutaka milimita 0.25 kwa valvu zote 8. Peugeot 504 ya petroli hutaka 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za moshi, injini ikiwa baridi, na baridi ya asubuhi Iyunga haina uhaba. Plagi zikitolewa, injini huzunguka kwa mkono bila taabu. Katika Land Rover hiyo valvu huhesabiwa kutoka mbele: ya 8 ikifunguka kabisa hupimwa ya 1, ya 6 ikifunguka hupimwa ya 3, jumla daima ikiwa 9. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Nati ikishakazwa hupimwa tena, kwa kuwa kukaza huko huihamisha skrubu. Hatua hii ndiyo irukwayo mara nyingi.

Wapo wasemao kwamba kazi hii ni ya mafundi peke yao. Kwa injini ambazo nafasi yake hurekebishwa kwa kubadili visahani vya chuma, hoja hiyo ina uzito. Na zile zinazojirekebisha kwa oili hazihusiki kabisa. Lakini kwa injini za roka na skrubu, mtaani penye sekondari ya ufundi kama Iyunga, ni vigumu kuikubali. Hata mwenye gari aamuaye kumlipa fundi, na aombe fila ipitishwe mbele ya macho yake, na tarakimu za kila valvu ziandikwe.