Risala ya Wanafunzi wa Kidato cha Nne kwa Bodi ya Shule Kuhusu Chemshabongo za Mtandaoni Darasani

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu,

Shukrani tunazifupisha, si kwa utovu wa adabu, bali kwa sababu tumepewa dakika chache na tuliyonayo moyoni ni mengi.

Tukiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Biolojia alianza kutufanyia marudio kwa Kahoot, mchezo wa maswali ulioanzia Norway mwaka 2013. Swali linatokea ukutani kwa projekta, majibu yanapewa rangi, na kila kundi linabonyeza rangi ya jibu lake kwenye kompyuta. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa, ambacho wengi tulikuwa tunakisinzilia, kikawa na kelele hadi darasa la jirani likashitaki. Kelele hizo ndizo zilizotuponza. Tukaambiwa tunapoteza muda, chumba cha kompyuta kikatiwa kufuli, na tangu hapo kinafunguliwa tu wakija wathibiti ubora.

Ndugu Mwenyekiti, chemshabongo si starehe. Ukisoma daftari mara tatu unajiona unajua. Ukiulizwa ndipo unapobaini kama unajua kweli. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili. Wanafunzi waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka bila kitabu wakawapita. Nasi mtihani wa NECTA hatuufanyi dakika tano baada ya kufunga daftari.

Hata hivyo hatukuja kuusifia mchezo tu. Una kasoro, na tunazisema mwalimu wetu akiwepo. Kahoot humpa pointi nyingi anayewahi kujibu. Maswali ni ya Kiingereza, na mwenzetu anayelitafsiri swali kichwani kwanza huachwa nyuma na anayebahatisha, ingawa osmosisi anaijua vizuri kuliko sisi sote. Jina lake halijawahi kuonekana kwenye orodha ya washindi, na siku hizi amekaa kimya hata kwa maswali ya kawaida. Halafu yako maswali yanayookotwa mtandaoni yakiwa tayari. Tuliwahi kuulizwa kuhusu miti inayopukutisha majani msimu wa vuli huko Ulaya, jambo ambalo halimo katika mada tuliyokuwa tunaifanyia marudio.

Bando nalo alikuwa ananunua mwalimu kwa mshahara wake. Hili linatuaibisha.

Kwa hiyo tunadai chumba cha kompyuta kifunguliwe kwa marudio angalau vipindi viwili kwa wiki, na gharama ya intaneti ibebwe na shule. Simu hatuombi; katazo lake tunalijua na hatulibishii. Siku umeme ukikatika au kompyuta zisipotosha, iko programu ya Plickers, ambayo kwayo mwanafunzi hahitaji kifaa chochote. Anainua kadi ya karatasi, anaigeuza kulingana na jibu lake, na mwalimu anazisoma kadi zote kwa kamera. Kamera zipo: walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Hapa kwetu vingi tunaviona vikitumika kupigia picha za mahafali.

Tunaomba pia muda wa kujibu uongezwe. Kahoot yenyewe inaruhusu hadi dakika nne kwa swali, na ina namna ya kucheza kwa timu ambayo huwapa wanakikundi nafasi ya kushauriana kabla ya kujibu. Maswali yatungwe na walimu wetu kwa kufuata muhtasari. Na zaidi ya yote, darasa likikosa swali kwa wingi, mchezo usimame hapo hapo, somo lifundishwe upya, ndipo tuendelee. Kukimbilia swali linalofuata ili kengele isitukute ndiko tunakokuita sisi kupoteza muda.

Orodha ya walioshika mkia isisomwe mbele ya darasa. Mwalimu abaki nayo, na anayehitaji msaada aitwe faragha.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba majibu kwa maandishi, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya mtihani wa mkoa. Kama kufuli litaendelea kubaki mlangoni, tunaomba sababu zake nazo ziandikwe.

Naomba kuwasilisha.

Kiranja wa Taaluma, kwa niaba ya wanafunzi wa kidato cha nne