Kitabu cha kumsomea mtoto huchaguliwa kwa sikio

Saa mbili na nusu usiku. Vyombo vimeoshwa, televisheni imezimwa, na mama ameketi mkekani na mwanawe wa darasa la tatu. Mkononi ana kitabu alichonunua jioni akitoka kazini. Jalada lina picha nzuri na limeandikwa "Darasa la 3". Anaanza kusoma kwa sauti. Kabla hajafika ukurasa wa tatu, mtoto anauliza: "Mama, mwishoni kuna maswali?"

Maswali yapo, tena kumi. Mtoto anajigeuza upande wa ukutani na kusema ana usingizi. Kesho yake mambo ni yaleyale. Ikifika Ijumaa kitabu kiko juu ya kabati, na mama anamwambia jirani yake kwamba mtoto huyu hapendi vitabu.

Maneno hayo husikika katika nyumba nyingi, na mara nyingi si kweli. Mtoto huyohuyo akienda kwa bibi yake wakati wa likizo, hukesha akisikiliza kisa cha Sungura na Fisi ambacho ameshakisikia mara ishirini, na bibi akiruka kipande anamsahihisha. Hadithi anaipenda sana. Alichokikimbia pale mkekani ni mtihani wa pili katika siku moja, baada ya ule wa shuleni.

Tatizo lilianzia dukani. Mama alichagua kitabu kwa kuangalia darasa lililoandikwa kwenye jalada, kana kwamba ananunua sare ya shule. Kitabu cha kumsomea mtoto kina kipimo chake.

Sikio liko mbele ya jicho

Mtoto wa darasa la pili au la tatu bado anapambana na silabi. Anaposoma mwenyewe, nguvu nyingi huishia kwenye kuunganisha herufi, na akifika mwisho wa sentensi amesahau ilivyoanza. Lakini huyohuyo anaelewa mazungumzo ya watu wazima sebuleni, hata yale ambayo wangependa asiyaelewe. Kiswahili amekisikia tangu kuzaliwa, ila kukisoma ameanza juzi.

Kwa hiyo kitabu anachoweza kukisoma peke yake na kitabu anachoweza kusomewa ni viwili tofauti. Cha kwanza kiwe chepesi, chenye sentensi fupi, ili apate ujasiri. Cha pili kinaweza kuwa juu ya darasa lake kwa miaka miwili au mitatu, kwa sababu kazi ya macho imebebwa na mzazi. Yeye amebaki na kazi ya kuelewa, kuona picha kichwani na kungoja litakalotokea.

Jim Trelease, mwandishi wa gazeti na baba wa watoto wawili huko Marekani, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, The Read-Aloud Handbook, kilichochapishwa na Penguin mwaka 1982. Moja ya hoja zake kubwa ni kwamba uwezo wa mtoto wa kusikiliza hubaki mbele ya uwezo wake wa kusoma mpaka karibu darasa la nane. Ndiyo maana aliwasihi wazazi wasiache kuwasomea watoto eti kwa sababu sasa wanajua kusoma wenyewe.

Wazazi wa Tanzania waliokulia enzi za redio wanalijua hilo bila kuambiwa na Mmarekani. Wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam na sauti ya Deborah Mwenda. Watoto wa umri tofauti walikusanyika kwenye redio moja, hakuna picha wala maswali, na hadithi zile zimekaa vichwani mwao hadi leo wana watoto wao.

Namna ya kukipima dukani

Mzazi aliyesimama mbele ya meza ya vitabu, iwe dukani au kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba, hahitaji kuwa mwalimu ili achague vizuri. Afungue kitabu katikati na asome nusu ukurasa kwa sauti ya chini. Ulimi ukikwama mara kwa mara, au pumzi ikamwishia kabla ya kituo, ajue kwamba usiku atakwama vilevile, tena akiwa amechoka.

Kisha atazame kama kuna watu wanaozungumza. Ukurasa wenye mabishano ya mjomba na mpwa wake, au mzee anayemdanganya mwizi, humpa msomaji nafasi ya kubadilisha sauti. Ukurasa unaoeleza tu kwamba mtoto mwema aliwatii wazazi wake na akafaulu mtihani hauna pa kushika. Mtoto hutambua mapema kwamba hiyo ni hotuba iliyovaa nguo za hadithi.

Atazame pia sura ya kwanza inavyoishia. Sura nzuri ya kusomewa huacha jambo likining'inia: mlango umegongwa, mtumbwi umeanza kuingiza maji, barua imefika na haijafunguliwa. Hapo mtoto ataidai sura ya pili mwenyewe.

Kipimo kingine kinamhusu mzazi. Je, yeye anataka kujua mwisho wake? Akichoshwa na kitabu, sauti yake itasema hivyo hata akijitahidi kuficha, na mtoto ataisikia.

Maneno magumu yasimtishe. Mawili au matatu katika ukurasa ni faida. Mtoto wa Dodoma akikutana na neno "jahazi", anaambiwa kwa ufupi kwamba ni chombo cha baharini chenye tanga, na safari inaendelea. Maswali yaliyochapishwa mwishoni nayo si sababu ya kukiacha kitabu kizuri. Yanarukwa tu. Mtoto akitaka kuuliza atauliza, na maswali yake mara nyingi huwa mazuri kuliko yaliyochapishwa.

Kila umri na sikio lake

Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, hadithi iishe kwa mkao mmoja. Visa vyenye maneno yanayorudiwarudiwa vinawafaa sana, kwa sababu baada ya mara ya pili mtoto huanza kuitikia pamoja na msomaji, kama anavyoitikia "Hadithi njoo". Akidai kitabu kilekile usiku wa tano mfululizo, apewe. Kurudia si uvivu. Kila mara anashika neno au sentensi iliyompita jana.

Darasa la tatu na la nne ni wakati wa vichekesho na ujanja. Visa vya Abunuwasi, kama kile cha sufuria iliyozaa, hupendwa kwa sababu mtoto huona hila inakotokea kabla ya yule anayedanganywa, na anajisikia mwerevu. Ni umri mzuri pia wa kuanza kitabu chenye sura, moja kila usiku.

Kuanzia darasa la tano, wazazi wengi huwa wameshaacha, na hapo ndipo vitabu vizito huanza kuwezekana. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kina Kiswahili ambacho mtoto peke yake angekiona kama ukuta. Akisomewa kurasa mbili mbili, fumbo la mtu anayelazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku humvuta mpaka ajue ni kwa nini. Ngome ya Mianzi cha M. M. Mulokozi huwarudisha watoto kwenye vita vya Wahehe na Wajerumani. Ndoto ya Amerika cha Ken Walibora ni cha wavulana wanaoota kwenda mbali, jambo ambalo watoto wa umri huo wanalielewa vizuri mno.

Mzazi akisome kwanza

Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo yenye madhara zaidi ikirukwa.

Hadithi nyingi za Kiswahili zina mama wa kambo mkatili. Katika nyumba nyingi hilo hupita bila neno. Lakini ipo nyumba ambayo mama alifariki, baba akaoa tena, na mke mpya anajaribu kwa moyo wote kujenga ukaribu na mtoto aliyemkuta. Anafungua kitabu, anasoma kwa furaha, na kwenye ukurasa wa tano mama wa kambo anamtuma yatima kisimani usiku wa manane. Chumba kinakuwa kimya. Mtoto anaangalia mkeka, na msomaji hajui aendelee au aache.

Hadithi za namna hiyo hazistahili kufutwa. Mtoto mwenye hofu wakati mwingine huhitaji kusikia kisa cha mtoto mwenzake aliyeogopa na akavuka. Lakini siku ya kukisoma ichaguliwe, na anayeichagua lazima ajue kilichomo ndani. Vivyo hivyo kwa kitabu chenye msiba katika nyumba iliyofiwa karibuni, chenye ulevi katika nyumba yenye tatizo hilo, au kinachomfanya mlemavu au mwenye kigugumizi kuwa kichekesho cha wote.

Ikiwa msomaji ameshajikuta katikati ya ukurasa kama huo, kufunga kitabu ghafla humwambia mtoto kwamba kuna jambo lisilosemeka humu ndani. Ni afadhali kumaliza ukurasa kwa sauti ileile, kunyamaza kidogo, na kumwacha mtoto aseme akitaka. Asipotaka, asilazimishwe.

Kusoma kwanza kuna faida nyingine kwa mzazi ambaye mwenyewe hakusoma sana, au anayesoma polepole. Akizipitia kurasa tatu mchana, usiku zitatoka vizuri. Na asipoweza kabisa, dada mkubwa asome, yeye aketi na asikilize. Mtoto akimwona baba yake amekaa kimya anafuatilia kitabu, amefundishwa jambo ambalo hotuba haiwezi kufundisha.

Lugha ipi?

Wazazi wenye watoto katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza hujiona wana wajibu wa kusoma Kiingereza na usiku pia. Kama mzazi anakimudu na wote wanafurahia, hakuna ubaya. Lakini kama anasoma kwa wasiwasi, akikwepa maneno asiyoweza kuyatamka, mtoto hapati Kiingereza kizuri wala hadithi. Lugha ambayo mzazi anaweza kuchekea, kunong'ona na kutishia ndiyo inayobeba hadithi. Mtoto aliyezoea kufuata kisa kirefu kwa Kiswahili, akikumbuka nani alisema nini sura tatu nyuma, anauhamishia uwezo huo kwenye lugha nyingine.

Pasipo na fedha ya kitabu

Kitabu kipya kinashindana na unga, na unga hushinda. Hata hivyo zipo njia. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere Desemba 9, 1967, ina sehemu ya watoto, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani pia. Kwa wenye simu janja, mradi wa African Storybook ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini unatoa bure hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hadithi ipakuliwe mapema, data izimwe, ili ujumbe wa kikundi cha harusi usiingie katikati ya kisa.

Majirani watatu wakinunua kitabu kimoja kila mmoja na kubadilishana, kila nyumba ina vitabu vitatu. Na watoto wa umri tofauti wakilala chumba kimoja, kitabu kichaguliwe kwa ajili ya mkubwa. Wadogo watashika wanachoweza kushika na kulala katikati. Kikichaguliwa cha mdogo, mkubwa ataondoka na hatarudi.

Dakika kumi zinatosha. Usiku ambao mzazi amechelewa foleni au amechoka mno, ukurasa mmoja unatosha pia.

Yule mama wa mkekani hana haja ya kukitupa kile kitabu kilicho juu ya kabati. Mtoto anaweza kukisoma mwenyewe siku moja, maana ni chepesi na kinamfaa. Usiku huu alete kingine, kilicho juu kidogo ya darasa la mwanawe, ambacho yeye mwenyewe amekisoma hadi sura ya pili na kushindwa kukiweka chini. Asome sura ya kwanza, afunge kitabu pale mlango ulipogongwa, na azime taa. Mtoto akiuliza gizani, "Mama, ni nani aliyegonga?", atajua amechagua vizuri.